Udi wa Alhamisi

Gesi yenyewe haina harufu, vijana wangu. Ile harufu ya yai viza mnayoisikia hutiwa makusudi na wenye kampuni, ili pua ikupe habari kabla hujaungua. Naanza na hili kwa sababu kila tukikutana kwenye futari au arusi kule Columbia, hapa Maryland, mmoja wenu hunijia na sahani yake mkononi akaniambia, "Babu, kwangu hakunuki kitu, kwa hiyo niko salama." Nani kakwambia? Kuna hewa nyingine, hutoka pale moto unapoungua vibaya, na hiyo hakuna aliyeitia harufu. Haina rangi wala ladha, na wala haikukohozeshi. Inakulaza tu, tena kwa upole.

Mimi ni mtu wa Tanga, fundi wa meko ya gesi, au tuseme nilikuwa. Kazi hii hufanywa kwa magoti, kichwa kikiwa ndani ya tundu la ukuta, na magoti yangu yamegoma. Gari la kazi nimeliuza. Kila majani yakianza kuanguka najikuta nimeishika simu mkononi, naingoja. Zamani msimu huo simu yangu ilikuwa hailali, maana baridi ikipiga hodi ndipo watu wanakumbuka kwamba meko yao hayajakaguliwa tangu mwaka jana. Siku hizi wananipigia wajukuu tu, wanionyeshe picha. Nawapenda, lakini natamani mara moja tu nisikie tena sauti ya mtu anayetetemeka, ananiambia fundi njoo, moto umekataa kuwaka.

Kwa asiyejua, meko ninayoyasema ni lile tundu la matofali lililo sebuleni katika nyumba nyingi za huku Marekani, lenye dohani ya kutolea moshi juu ya paa. Zamani walichoma kuni humo. Walipochoka na majivu wakavuta bomba la gesi, wakaweka kichomeo chini, na juu yake wakapanga magogo ya bandia ya udongo wa kuchoma. Moto unapita katikati yake, ukiutazama kwa mbali utaapa ni kuni. Mimi niliyekua nikipuliza kuni za mama mpaka macho yakawa mekundu, nilipoona mtu analipa apate magogo ya uongo nilicheka sana. Baadaye nikaacha kucheka. Nyumba ina mashine ya joto huko chini, inapasha vyumba vyote, lakini hakuna anayekwenda kukaa mbele ya mashine. Watu hukaa mbele ya moto. Wakishakaa wanaanza kuwakumbuka watu wao.

Aliyenifundisha alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, Papa Anselme, Mungu amweke pema. Yeye na mimi tulizungumza Kiswahili kimoja ambacho kila mmoja alidhani mwenzake anakiharibu. Siku ya kwanza nilikaza nati, nikaridhika nayo, nikanyoosha mkono kufungua gesi ili niwashe. Akanishika kiganja.

"Weye, ngoja," akasema. "Gaz haina haraka. Iko inakungoja ukosee."

Akatoa brashi ya kunyolea ndevu na kikombe cha sabuni ya vyombo, akapaka povu kwenye kila kiungo cha bomba, taratibu, anavyopakwa bwana arusi mashavu. Kisha akafungua gesi, akachuchumaa na kutazama. Pale penye uvujaji povu huota kipovu, kikanenepa, kikapasuka, kikaota kingine. Pangu pakaota. Akanipa spana. Kwa hiyo nanyi mnaoirithi kazi hii fanyeni hivyo, kila mara, hata kama kiungo mmekikaza wenyewe jana. Na msije mkajaribu kwa kiberiti. Niliwahi kuitwa nyumba moja ambako shemeji wa mwenye nyumba, fundi wa bure, alijaribu kwa kiberiti. Nyusi zake zilirudi baadaye, ingawa si zote.

Papa Anselme alinifundisha pia kwamba kila gogo lina kitako chake. Gogo la nyuma halikai mbele, na hakuna kupanga kwa kupendezesha macho. Ulimi wa moto ukilala juu ya gogo unapoa kabla haujamaliza kuungua, na moto usiomaliza kuungua hutoa masizi pamoja na ile hewa niliyowatajia. Kijana mmoja Mkenya wa Rockville, Mburu, aliniita magogo yake yamekuwa meusi tii. Nikainama, nikakuta nywele za mahindi kwenye kichomeo. Alikuwa amesogeza magogo apate nafasi ya kuchomea mahindi. Nilipomuuliza akasema, "Si moto ni moto, mzee?" Nikamwambia hapana, moto huu ni wa kutazama na kuota, wa kupikia chakula uko jikoni. Mahindi yenyewe alinipa nikala, na sitasema uongo, yalikuwa matamu.

Jingine ni buibui. Kiangazi, gesi ikiwa imefungwa, buibui hupenda kulala ndani ya mrija wa kichomeo, na utando wake mwembamba huo unatosha kuzuia hewa. Moto ukiwashwa unakuwa mvivu, unayumbayumba. Siku hizi mna vifaa vinavyowaandikia kosa kwenye simu, na mimi sivikatai, vingekuwapo enzi zangu ningevinunua. Ila buibui hamtamwona kwenye simu. Inameni.

Sasa niwaambie ya Bi Zuhura, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Bi Zuhura alikuwa Mzanzibari wa Ng'ambo, aliishi Lanham na mumewe, Mzee Omari, aliyewahi kuwa dereva wa maafisa wa ubalozi mmoja. Nyumba yao ilikuwa ya matofali, ya zamani, yenye meko ya aina niliyoieleza. Mzee Omari alipofariki nilikuwa miongoni mwa tuliobeba jeneza. Binti yao, Salma, anakaa Rockville, akataka mama ahamie kwake. Mama akakataa. Ikapita miezi, Bi Zuhura akaanza kusema kwamba mumewe anakuja. Si kila siku. Anakuja Alhamisi jioni, anakaa kwenye kiti chake karibu na moto, anakohoa kidogo kama ilivyokuwa desturi yake, mara nyingine anamwita. Salma aliposikia haya aliogopa. Akaona akili ya mama inamtoka, akaanza kuzunguka kutazama nyumba za kutunzia wazee. Bi Zuhura akaapa kwamba hatoki Lanham. Nani atampokea Mzee akija akakuta mlango umefungwa?

Salma hakuniita kwa ajili ya hayo. Aliniita kwa ajili ya ukuta.

"Uncle, juu ya fireplace ukuta umekuwa black," aliniambia kwenye simu. "Mum anasema ni nothing, ati ni uzee wa nyumba. Please pitia umcheki."

Nafasi niliyoipata ilikuwa Alhamisi, baada ya kazi nyingine, nikafika jua limeshazama. Nikiwa bado nje nikasikia harufu ya udi. Kwenu mliozaliwa huku nieleze: Alhamisi jioni, kuamkia Ijumaa, watu wetu wa pwani hufukiza nyumba. Makaa hutiwa kwenye chetezo, udi juu yake, moshi ukapitishwa kila chumba. Tunawasomea marehemu wetu, na wazee walituambia kwamba jioni hiyo nao huja kutazama walikotoka. Harufu ile ilinipiga nikasimama kwenye ngazi za mlango. Nilimkumbuka mama yangu, na nyumba yetu ya barabara ya kumi na nne, na kila mtu aliyekuwa ndani yake ambaye sasa hayupo. Nilitamani nisipige hodi, nisimame tu pale.

Nikapiga. Bi Zuhura akafungua huku ameshika ukuta. Macho yake yalikuwa mazito na alikuwa anatabasamu. Nyuma yake niliona sinia yenye vikombe viwili vya kahawa, na kiti kitupu kimegeuzwa kuelekea motoni.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Umefika vizuri, ndiyo kwanza kaingia."

Kabla sijaitikia, kipimo changu cha hewa kilichokuwa kiunoni kikaanza kulia. Kipimo hicho huvaliwa kila mnapoingia nyumba ya mtu, hata ya mjomba wenu, na kikilia salamu zinangoja. Nilimshika mkono nikamtoa nje na koti langu mabegani mwake. Alinigombeza njia nzima, kwamba nimekosa adabu, kwamba mwanamme wa watu gani huyu, kwamba namtoa na mgeni wake yumo ndani. Nilipomketisha garini nikawapigia zima moto. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: mtu nje kwanza, simu pili, ushujaa usiwepo kabisa. Walikuja na vyombo vyao, wakafunga gesi, wakafungua madirisha, wakamvisha hewa safi ya mtungi na kumpeleka hospitali. Salma akafika mbio, ameacha koti. Bi Zuhura alikuwa amefumba macho, na mimi nilikuwa nasoma kila dua niliyoijua.

Mungu alimrudisha. Walipomaliza wenzangu wa zima moto, niliingia kutazama, nikayaelewa yote kwa mara moja.

Ndani ya dohani kuna mlango wa chuma wa kufungia baridi isishuke. Ukiweka gesi kwenye meko ya namna ile, sheria inataka mlango huo ubanwe na kibano kidogo cha chuma, usiweze kufunga kabisa, ili hewa chafu ipate njia ya kutoka saa zote. Kwa Bi Zuhura mlango ulikuwa umefungwa. Kibano kilikuwa juu ya rafu, kimefutwa vizuri, kando ya tasbihi ya marehemu. Na kengele ya hewa ya sumu, ambayo ingemwamsha mtaa mzima, niliikuta ndani ya kabati, imetolewa betri, imefungwa kwenye kanga.

Alikuja kunieleza mwenyewe aliporudi nyumbani, wala hakuona haya. Alisema udi ulikuwa ukipanda wote dohanini. "Nanunua udi ghali, nawafukiza ndege wa Maryland?" Akachukua spana ya Mzee Omari, akafungua kibano kwa mkono wake, na kila Alhamisi akaufunga mlango ili harufu ibaki ndani. Siku nyingine aliuacha wazi. Kengele nayo ilikuwa ikilia kila akiwasha chetezo, akaona inamharibia dua, akaizima. Nikamwambia kengele haikuwa na kosa. Makaa ya chetezo ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa hewa ile ile ya moto wa gesi usio na njia. Ilikuwa inamwambia kweli tupu kila wiki, na yeye alikuwa anaifunika kanga.

Daktari ndiye aliyemweleza Salma sehemu iliyobaki. Hewa ile kabla haijaua humuuma mtu kichwa, humtia uzito, na huweza kumfanya asikie na kuona yasiyokuwapo. Salma alinisimulia mlangoni, analia na kucheka pamoja. "So hajapotea akili, Uncle. Mum yuko sawa. Habari ya kumpeleka nyumba ya wazee imekwisha." Nilifurahi naye, kwa dhati. Kisha nikageuka, nikamwona Bi Zuhura amekaa kwenye kiti chake ndani, ametusikia.

Nilifanya kazi ile siku nzima. Alikuja kwanza fundi wa dohani akaisafisha mpaka juu, kisha mimi nikapiga brashi kichomeo, nikafuta masizi, nikayarudisha magogo kila moja kwenye kitako chake, nikapaka povu kila kiungo. Bi Zuhura alikaa nyuma yangu, akiniuliza kila chombo kinaitwaje na kinafanya nini. Nilipochukua kibano akakinyooshea kidole. Salma alikuwa ametoka kununua betri.

"Hicho ndicho kinachomzuia?" akauliza.

"Kinazuia sumu, Bi Zuhura."

"Sikukuuliza sumu."

Nikajifanya natafuta spana. Akavuta kiti chake karibu.

"Niachie Alhamisi moja," akasema. "Moja tu, mwanangu. Sikumuaga vizuri. Siku ile alikwenda hospitali mwenyewe, nikamwambia usichelewe kurudi, basi. Hilo ndilo neno letu la mwisho. Niachie nimuage, kisha uje ukikaze."

Vijana, katika kazi hii mtaombwa mengi. Mtaombwa mpitishe bomba mahali pasiporuhusiwa, mtaombwa mharakishe kwa sababu wageni wako njiani. Hayo ni mepesi kukataa. Hili halikuwa jepesi. Bibi yule alikuwa anajua vizuri anachoniomba, alikuwa na akili zake timamu kuliko zangu.

"Mzee nimembeba mimi, kwa bega hili," nikamwambia. "Wewe sitaki kukubeba."

Kisha akarudisha kiti chake nyuma.

"Kaza, basi," akasema.

Nikakaza. Nikawasha moto, nikauacha upate joto, halafu nikafanya kipimo cha moshi alichonifundisha Papa Anselme: unashika kijiti kinachotoa moshi kwenye ukingo wa juu wa meko. Moshi ukiingia ndani na kupanda, dohani inavuta. Ukirudi sebuleni, zima kila kitu. Sikuwa na kijiti, Bi Zuhura akanipa udi wa vijiti. Moshi ulijipinda, ukaingia, ukapanda. Aliutazama mpaka kijiti kikaisha. Nikamwekea kengele ukutani kwa skrubu ndefu, nikamwonyesha Salma chetezo cha umeme kisichotumia makaa, na kwamba hata hicho kifukizwe dirisha likiwa wazi kidogo. Ningeulizwa leo, ningefanya vile vile. Lakini niliendesha gari kurudi nyumbani nikijiona nimemchukulia mtu kitu chake.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu, Mwanahamisi. Alinisikiliza, akanipakulia wali, akasema nimefanya sawa na kwamba yeye angekuwa Bi Zuhura asingenisamehe. Ndivyo alivyokuwa, mkweli asiyetafuna maneno. Kiangazi kilichofuata alianguka jikoni, na kabla wiki haijaisha tukamzika. Siwezi kuandika zaidi juu ya hilo. Nilirudi kazini msimu wa majani kwa sababu nyumba ilikuwa kubwa mno, na huo ndio uliokuwa msimu wangu wa mwisho.

Meko ya gesi hukaguliwa kila mwaka, hata kama hayana tatizo. Nilikwenda kwa Bi Zuhura bila kuitwa. Alinipa pole, akanishika kichwa kwa mikono miwili kama mtoto, akaniacha nikalia kidogo, kisha akaniambia haya, fanya kazi yako. Nikafanya. Nilitoa vumbi, nikamkuta buibui na kumtoa, nikatazama kibano, kilikuwa pale pale nilipokikaza. Nikabonyeza kengele, ikalia vizuri. Nikawasha. Moto ukasimama vyema, ndimi zikapita katikati ya magogo bila kuyagusa. Nikapima hewa ya chumba kizima, kona kwa kona. Ilikuwa safi.

Bi Zuhura alileta sinia. Vilikuwa vikombe vitatu. Nilidhani Salma yuko njiani.

"Umehakikisha?" akaniuliza.

"Nimehakikisha."

"Hamna sumu hata chembe?"

"Hamna, Bi Zuhura. Naapa."

Akamimina kahawa kwenye vikombe vyote, kimoja akakiweka mbele ya kile kiti kitupu. Alikigeukia kiti, akatengeneza ushungi wake.

"Umesikia, baba Salma?" akasema. "Fundi kasema salama. Njoo basi."

Tulikaa. Moto uliwaka, kengele ilikuwa kimya ukutani, na kiti kilikuwa kiti. Nilijua hakuna atakayekuja. Njia aliyokuwa akijia Mzee niliifunga mimi, nikaikaza kwa spana. Bi Zuhura naye alijua, nilimwona usoni kwamba anajua, lakini hakuondoa macho pale. Baada ya muda akanisogezea kikombe changu.

"Na wewe mwite wako," akasema. "Moto ni ule ule."

Nilikuwa bado nimeshika spana. Nikaiweka chini, nikamwita Mwanahamisi.